Uchunguzi wa seli za NK kwa wanaopoteza mimba: tathmini ya huduma na ya tiba zinazofuatana nayo

Kliniki nyingi za uzazi siku hizi humpa mwanamke aliyepoteza mimba zaidi ya mara moja, au ambaye kiinitete alichopandikiziwa hakikushika, kifurushi cha huduma kiitwacho uchunguzi wa kinga ya uzazi. Kiini cha kifurushi hicho ni kipimo cha damu kinachohesabu seli za NK, yaani aina ya seli nyeupe za damu zenye uwezo wa kuua seli zilizoingiwa na virusi au zilizogeuka saratani bila kuhitaji kuwa zimewahi kukutana nazo kabla. Majibu yakionyesha kwamba seli hizo ni nyingi kuliko kiwango kilichoandikwa kwenye fomu, mteja huelezwa kwamba mwili wake unamshambulia mtoto, kisha hupangiwa tiba: dripu ya mafuta, vidonge vya prednisoloni, yaani dawa ya steroidi inayoshusha kinga, au dripu ya kingamwili zilizochujwa kutoka damu za watu wengine. Nimeitumia huduma hii baada ya mimba zangu kuharibika, nimesoma kila karatasi niliyopewa, na nimeifuatilia kwa karibu sayansi inayodaiwa kuwa msingi wake. Tathmini hii ni ya huduma kama inavyotolewa kwa jumla, si ya kliniki moja, kwa sababu kasoro ninazozieleza hazitokani na uzembe wa mfanyakazi fulani bali zimo ndani ya kipimo chenyewe.

Nianze na yaliyo mema, kwa kuwa yapo na yana uzito. Mwanamke anayepoteza mimba mara kwa mara huzoea kuambiwa kwamba ni bahati mbaya, kwamba ajaribu tena, kwamba umri bado anao. Katika huduma hii hakuna aliyeniambia hivyo. Daktari alichukua historia yangu yote, akauliza kila mimba ilifika wiki ya ngapi, kama mapigo ya moyo yaliwahi kuonekana, kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa ya miguu, na akayaandika majibu mwenyewe badala ya kunikabidhi fomu nijaze. Muuguzi aliyenitoa damu alikwisha kusoma faili langu na hakuniuliza nina watoto wangapi. Mambo haya si madogo, na ninaamini ndiyo yanayowafanya wateja wengi waisifu huduma hata pale ambapo haikuwaletea mtoto. Shida ni kwamba wema huo umefungwa pamoja na kipimo kisichostahili kuaminiwa kiasi hicho, na aliyepokelewa vizuri namna ile huona vigumu kukihoji.

Kwa mteja, kipimo ni chepesi. Damu hutolewa mkononi kama kwa kipimo kingine chochote, hupelekwa maabara, huchanganywa na rangi zinazonata kwenye alama za aina fulani ya seli tu, kisha hupitishwa kwenye mashine inayozikagua seli moja moja mbele ya mwanga wa leza na kuzihesabu. Teknolojia hiyo ni ya kuaminika. Ndiyo itumikayo pia kuhesabu seli za CD4 kwa watu wanaoishi na VVU. Majibu yangu yalikuja kwenye karatasi yenye safu tatu: jina la seli, kiwango changu, na kiwango cha kawaida. Mstari wa seli za NK ulikuwa umechapwa kwa wino mwekundu ukiwa na mshale unaoelekea juu, na pembeni yake palikuwa na maneno mawili tu, "juu sana". Hapakuwa na neno hata moja la kueleza kiwango hicho cha kawaida kilipatikana kwa kuwapima wanawake gani, wa umri gani, waliokwisha kuzaa au la.

Hapo ndipo mashaka yanapoanzia. Kwa mtu mzima mwenye afya, seli za NK huwa kati ya asilimia 5 na 15 hivi ya limfosaiti za damu, ambazo ni kundi mojawapo la seli nyeupe, na wapo wanaopita hapo bila ugonjwa wowote. Baadhi ya kliniki huweka mpaka wao kwenye asilimia 12, ambayo imo ndani ya kiwango hicho cha watu wazima wenye afya. Ina maana kwamba mwanamke aliyekwisha kujifungua salama anaweza kupewa karatasi yenye mshale mwekundu kama wangu. Isitoshe, idadi ya seli hizi katika damu haitulii. Hubadilika kwa saa za siku, kwa uvutaji wa sigara, kwa umri, na zaidi ya yote kwa mazoezi na hofu: homoni ya adrenalini inapopanda, seli za NK zilizokuwa zimejishika kwenye kuta za mishipa huachia na kuingia katika mkondo wa damu ndani ya dakika chache, kisha hupungua tena mtu anapotulia. Mwanamke anayekalia kiti cha kutolewa damu ili aambiwe kwa nini anapoteza watoto wake ana kila sababu ya kuwa na hofu. Mimi sikuulizwa kama nimepanda ngazi kwa haraka, sikuambiwa nipumzike kwanza, na damu haikuchukuliwa mara ya pili siku nyingine ili majibu yalinganishwe. Kwa kipimo kinachoamua kama mtu atapewa dawa za kuishusha kinga yake, huo ni upungufu mkubwa.

Hata hivyo, tuseme kwamba hesabu ingekuwa sahihi kabisa. Bado lingebaki swali zito zaidi, nalo ni kama seli za NK zilizo kwenye damu ya mkononi zinasema lolote kuhusu yanayotendeka ndani ya mfuko wa uzazi. Kuzihesabu zilizo kwenye damu ili kujua habari za zilizo ndani ya mfuko huo ni sawa na kuhesabu wapita njia barabarani ili kujua waliomo ndani ya nyumba wanafanya kazi gani. Katika damu, takriban asilimia 90 ya seli za NK ni za aina iliyo hodari wa kuua. Katika utando wa mfuko wa uzazi uliojiandaa kwa mimba, ambao wataalamu huuita desidua, hali ni tofauti kabisa. Miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito, karibu asilimia 70 ya seli nyeupe zote zilizomo katika desidua ni seli za NK, na ni za namna yake: zina alama nyingine juu ya ngozi yake, ni dhaifu katika kuua, na ni hodari wa kutoa kemikali zinazokuza na kubadilisha mishipa ya damu. Zinaanza kuongezeka kila mwezi baada ya yai kupevuka, kabla hata ya mimba kutungwa. Kama zingekuwa adui wa mimba, ingekuwa ajabu kwamba mwili huzikusanya kwa wingi mahali hapohapo na wakati uleule ambapo kiinitete kinatarajiwa.

Jambo hili halikuelezwa katika kijarida nilichopewa, nami naona ndilo lililopaswa kuelezwa kwanza. Ateri ndogo zilizojipinda zinazolisha utando wa mfuko wa uzazi zina kuta za misuli inayoweza kukaza na kulegea. Mishipa ya namna hiyo haiwezi kumlisha mtoto anayekua, kwa sababu mahitaji yake ya damu huongezeka wiki hadi wiki na hayawezi kutegemea mishipa inayobana kila mama anapopata msukosuko. Kwa hiyo katika wiki za mwanzo mishipa hiyo hufanyiwa matengenezo: misuli ya kuta zake hulegezwa na kuondolewa, njia hupanuka, na damu huanza kutiririka kwa wingi na kwa utulivu kuelekea kwenye kondo. Kazi hiyo hufanywa na pande mbili. Upande mmoja ni seli za trofoblasti, ambazo ni seli za kondo linalochipuka na ni za mtoto kwa asili yake, zinazopenya ndani ya utando na kufika kwenye mishipa. Upande wa pili ni seli za kinga za mama, hasa seli za NK zikisaidiwa na makrofeji, yaani seli za kinga zinazomeza mabaki, zinazoanza kuilegeza mishipa kabla ya trofoblasti kuwasili na kutoa kemikali zinazoongoza upenyaji huo. Panya wa maabara waliozaliwa bila seli za NK hupata mimba, lakini ateri zao hubaki nyembamba zenye kuta nene. Kwa binadamu, matengenezo hayo yasipokamilika, matokeo huonekana miezi mingi baadaye: priklampsia, yaani shinikizo la damu linalopanda katika ujauzito na ambalo lisipodhibitiwa huweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, au mtoto anayedumaa tumboni, au kondo linaloshindwa kazi.

Namna pande hizo mbili zinavyotambuana ni sehemu ya sayansi hii inayonivutia kuliko zote. Seli karibu zote za mwili hubeba juu yake protini za HLA, ambazo ndizo zinazosababisha figo ya mtu mmoja ikataliwe na mwili wa mwingine. Trofoblasti zinazopenya utando wa mama hazibebi HLA-A wala HLA-B, ambazo ndizo zinazowaamsha zaidi askari wa kinga aina ya T. Zinabeba HLA-C, HLA-E na HLA-G. Seli za NK za mama nazo zina vipokezi viitwavyo KIR, ambavyo hutofautiana sana kutoka mwanamke hadi mwanamke, na vipokezi hivyo huisoma HLA-C ya mtoto, ambayo nusu yake imetoka kwa baba. Mwaka 2004 Susan Hiby, Ashley Moffett na wenzao wa Cambridge waliripoti kwamba priklampsia huwapata zaidi wanawake ambao mchanganyiko wa KIR zao na HLA-C ya mtoto huzizuia sana seli za NK. Mwaka 2015 Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichapisha matokeo kutoka Uganda yaliyoonyesha kwamba wanawake wa Kiafrika wana sehemu ya jeni za KIR ambayo Wazungu hawana, nayo inawakinga dhidi ya priklampsia. Msomaji ataona mara moja matokeo hayo yanaelekea wapi. Hatari inayoonekana katika tafiti hizo ni ya seli za NK kuzuiwa kupita kiasi, ilhali huduma ninayoitathmini inauza dawa za kuzizuia.

Baadhi ya kliniki huongeza kipimo cha pili, kinachoitwa cha ukali wa seli za NK, na hutoza malipo yake pembeni. Seli za NK za mteja huwekwa pamoja na seli za saratani ya damu ziitwazo K562, ambazo maabara za dunia nzima zimekuwa zikizikuza na kuzitumia tangu miaka ya 1970, kisha huhesabiwa ni ngapi zimeuawa. K562 zimechaguliwa kwa sababu hazina protini za HLA zinazozituliza seli za NK, kwa hiyo huuawa kirahisi. Lakini trofoblasti zina HLA-C, HLA-E na HLA-G. Kipimo hiki basi kinaonyesha jinsi damu ya mteja inavyopambana na saratani ambayo hana, na hakiwezi kuonyesha jinsi mfuko wake wa uzazi unavyomtendea mtoto. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya huduma isiyotetewa kwa hoja yoyote.

Picha ya vita kati ya mama na mtoto ina historia inayoheshimika. Mwaka 1953 Peter Medawar, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya upandikizaji wa viungo, aliuliza inawezekanaje mama ambebe kwa miezi tisa kiumbe mwenye nusu ya vinasaba vya mtu mwingine bila kumkataa kama anavyokataliwa mtu aliyepandikiziwa ngozi ngeni. Swali lilikuwa zuri, na majibu yamekuja kwa miongo mingi, kipande kwa kipande. Mwaka 1998 David Munn na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kondo hutumia kimeng'enya kinachomaliza mahali hapo asidi amino ya triptofani, ambayo seli za kinga zinaihitaji ili ziongezeke, na kikizuiwa, mimba yenye vinasaba vya baba mgeni hukataliwa. Shimon Sakaguchi alizieleza mwaka 1995 seli za T zinazotuliza seli nyingine za kinga, na mwaka 2004 ikaonekana kwamba panya wajawazito wakinyimwa seli hizo huharibikiwa na mimba pale baba anapokuwa wa ukoo tofauti. Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025 kwa uvumbuzi wao kuhusu utulivu huo wa kinga. Kijarida cha kliniki kilimtaja Medawar na swali lake, kikaishia hapo.

Niseme pia kwamba kinga ya mama hailali wakati wa ujauzito, wala haitakiwi kulala. Kiinitete kinaposhika, eneo lile huwa na mwasho wa kinga, yaani hali ya seli za kinga kuchangamka na eneo kuvimba, unaofanana na wa kidonda kinachopona, na mwasho huo unahitajika. Katikati ya ujauzito hali hutulia, na uchungu unapokaribia mwasho hurudi kwa sababu una kazi katika kuanzisha kujifungua. Anayeshusha kinga yote kwa dawa moja, kuanzia siku ya kupandikizwa kiinitete hadi wiki ya 12, anaingilia mfuatano huo wote bila kujua anagusa hatua gani.

Sasa nije kwenye tiba zenyewe. Dripu ya mafuta inayotumika ni chakula cha hospitalini cha wagonjwa wasioweza kula, iliyoidhinishwa kwanza Sweden mwaka 1962, na imetengenezwa kwa mafuta ya soya, fosfolipidi za kiini cha yai, gliserini na maji. Ni nyeupe kama maziwa na hupitishwa polepole kwenye mshipa wa mkono. Wazo la kuitumia kwa wanaopoteza mimba lilipata nguvu kutokana na vipimo vya maabara vilivyoonyesha kwamba inapunguza ukali wa seli za NK za damu dhidi ya K562, yaani kipimo kilekile nilichokieleza. Haikuidhinishwa kwa kazi hii. Mwenye mzio wa soya au mayai anapaswa kusema kabla haijafunguliwa. Mimi niliulizwa, na hilo lilifanywa vizuri.

Prednisoloni ni dawa yenye faida kubwa kwa magonjwa mengi, lakini mahali hapa ushahidi unaielemea vibaya. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997 na Carl Laskin na wenzake wa Toronto, wanawake wenye historia ya kupoteza mimba na kingamwili zinazoshambulia mwili wao wenyewe walipewa prednisoni, dawa ndugu ya prednisoloni, pamoja na aspirini, na wengine vidonge visivyo na dawa. Idadi ya waliopata watoto hai haikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa, lakini waliojifungua kabla ya wakati walikuwa asilimia 62 kwa waliotumia dawa, dhidi ya asilimia 12 kwa wasiotumia. Mwaka 2023 kulichapishwa jaribio kubwa la China kwa wanawake 715 ambao viinitete vyao vilishindwa kushika mara kwa mara: waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 37.8 kwa waliopewa prednisoni na asilimia 38.8 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, na waliopewa dawa walipoteza mimba changa na kujifungua kabla ya wakati zaidi ya wenzao. Niliposoma takwimu hizo nilikasirika, kwa sababu kwenye kijarida dawa hiyo iliitwa kinga nyepesi.

Dripu ya kingamwili hutokana na plazma ya maelfu ya wachangiaji damu, ni adimu, ni ghali, na kuna wagonjwa waliozaliwa bila kinga kamili ambao maisha yao yanaitegemea. Inaweza kuleta maumivu makali ya kichwa, homa, na mara chache damu kuganda kwenye mishipa. Wapo pia wanaoendelea kutoa sindano ya seli nyeupe za mume, ambayo jaribio la Carole Ober na wenzake la mwaka 1999 lilionyesha haisaidii, na ambayo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliisimamisha mwaka 2002 isitumike nje ya utafiti ulioidhinishwa. Hiyo sitaijadili zaidi, ukipewa, ikatae.

Taasisi zinazoheshimika zimekwisha kusema juu ya huduma hii. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi cha Uingereza kiliandika mwaka 2016 mapitio maalumu kuhusu seli za NK na uzazi, na hakikupata msingi wa kupendekeza zipimwe kama jambo la kawaida. Jumuiya ya Ulaya ya uzazi wa binadamu, ESHRE, katika mwongozo wake wa kupoteza mimba mara kwa mara uliofanyiwa marekebisho mwaka 2022, ilisema ushahidi hautoshi kupendekeza kipimo hicho, kiwe cha damu au cha kinyama cha mfuko wa uzazi. Mamlaka ya Uingereza inayosimamia tiba za uzazi, HFEA, inawaeleza wagonjwa waziwazi kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha kuwa kinga ya mwanamke hukikataa kiinitete kwa sababu ya tofauti ya vinasaba. Kliniki inayotoa huduma hii inazijua kauli hizo, na mteja anastahili kuonyeshwa kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.

Kipimo cha kinyama cha mfuko wa uzazi nakiheshimu zaidi kuliko cha damu, kwa sababu angalau kinaangalia mahali panapohusika. Kinyama kidogo huchukuliwa kwa mrija mwembamba katika nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi, nacho huuma. Udhaifu wake ni kwamba idadi ya seli za NK katika utando huongezeka kwa kasi siku hizo, kwa hiyo sampuli iliyochukuliwa siku mbili mapema au kuchelewa hutoa jibu tofauti, na maabara hazijakubaliana namna moja ya kuhesabu. Anayeombwa kushiriki katika utafiti halali wenye kipimo hicho, uliopitishwa na kamati ya maadili na usiomtoza fedha, ana sababu nzuri ya kukubali. Kukinunua kama jibu la mwisho ni jambo jingine.

Ndani ya kifurushi hichohicho, hata hivyo, kulikuwa na kipimo kimoja ambacho ningekichukua tena bila kusita, nacho kilikuwa kimeandikwa chini kabisa ya orodha. Ni kipimo cha kingamwili za fosfolipidi, yaani kingamwili zinazolenga mafuta ya aina hiyo yaliyo kwenye seli za mwili. Zinaleta ugonjwa halisi wa kinga unaoharibu mimba, ambamo kingamwili hizo za mama husababisha damu kuganda isivyotakiwa na huliathiri kondo. Hupimwa kwa damu, kwa vipimo vitatu vinavyojulikana, na majibu yakionyesha kwamba zipo ni lazima yarudiwe baada ya wiki 12 kabla ya mtu kuambiwa ana ugonjwa huo. Tiba yake ni aspirini ya dozi ndogo pamoja na sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Katika jaribio la Raj Rai na wenzake la mwaka 1997, mimba zilizofikia kuzaa mtoto hai zilikuwa asilimia 71 kwa waliopewa dawa zote mbili na asilimia 42 kwa waliopewa aspirini peke yake. Mwanamke anayepoteza mimba mara kwa mara anapaswa kupata kipimo hiki hata kama hatapimwa kitu kingine, na hospitali za kawaida zinaweza kukitoa bila kifurushi. Vivyo hivyo kwa kipimo cha tezi ya shingo, uchunguzi wa umbo la mfuko wa uzazi kwa altrasaundi, na, inapowezekana, uchunguzi wa kromosomu za mimba iliyotoka, kwa kuwa karibu nusu ya mimba zinazoharibika mapema huwa na kasoro ya kromosomu ambayo hakuna dripu ingeweza kuirekebisha. Anayetokwa damu katika mimba changa na aliyewahi kupoteza mimba aulize kuhusu projesteroni, homoni inayotegemeza mimba, ambayo mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, umeipendekeza kwa hali hiyo tangu mwaka 2021.

Wapo wanaosema kwamba wao walipimwa, wakapewa dripu, wakazaa, na ninafurahi pamoja nao kwa moyo wote. Lakini mwanamke aliyepoteza mimba tatu bila sababu kujulikana, akipata uangalizi mzuri na bila dawa yoyote ya kinga, bado ana nafasi inayozidi nusu ya kujifungua salama katika mimba inayofuata. Tiba yoyote itakayowekwa mbele ya mimba hiyo itapewa sifa. Ndiyo maana majaribio yenye kundi la kulinganisha yana thamani, na ndiyo maana ushuhuda, hata wa kweli kabisa, hauwezi kuchukua nafasi yake.

Kinachoniumiza zaidi katika huduma hii hakimo kwenye risiti. Ni sentensi aliyoniambia mtaalamu huku akinionyesha mshale mwekundu, kwamba seli zangu ndizo zilizowaua watoto wangu. Niliishi na sentensi hiyo muda mrefu, na najua wapo wanaoishi nayo sasa hivi. Haina msingi katika kipimo kilichofanywa, haina msingi katika yanayojulikana kuhusu seli hizo, na kliniki yoyote inayojali wagonjwa wake inapaswa kuiondoa katika maelezo yake hata kama itaendelea kuuza kipimo.

Kwa sababu hizi sipendekezi kipimo cha damu cha seli za NK wala tiba zinazofuatana nacho. Anayekwenda kwenye kliniki ya namna hii anaweza kuomba historia ichukuliwe, kingamwili za fosfolipidi zipimwe, na altrasaundi za mapema zifanyike katika mimba inayofuata, kisha akataje kwa jina kile asichokitaka. Aliyekwisha kuanzishiwa prednisoloni na akabadili mawazo baada ya kusoma haya asiiache ghafla, hasa kama ameitumia kwa wiki kadhaa, kwa sababu tezi za juu ya figo huwa zimepunguza kutengeneza homoni yake ya asili na zinahitaji muda kurudia kazi. Amweleze daktari aliyeiandika, au daktari mwingine bingwa, ili dozi ipunguzwe hatua kwa hatua.